Safari za Mfungo Sita

Watoto wa siku hizi wakiambiwa kesho tunakwenda Lamu, swali lao la kwanza ni tutafika saa ngapi. Sisi tulikuwa hatuulizi. Tulijua tutatoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, na tukijaaliwa tutafika jua likichwa. Tusipojaaliwa tutalala njiani, mahali apajuapo Mwenyezi Mungu peke yake. Njia yenyewe ni kilomita 340 hivi mpaka Mokowe, ambapo barabara humalizika na bahari huanza. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilomita hizo zilikuwa na maji ya kuvuka, matope ya kusukuma gari, na watu wa kuchukua njiani. Hao watu wa njiani ndio walionifanya nishike kalamu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Mombasa. Mama ni mtu wa Lamu. Kila mwaka ukiandama mwezi wa Mfungo Sita, mama hubadilika. Huanza kuimba jikoni, hufungua sanduku la nguo, huuliza bei ya halua bila ya haja. Baba hungoja siku mbili tatu akijifanya hajui, kisha husema, “Basi tayarisheni watoto.” Safari yetu ilikuwa ya kuwahi Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, yale ambayo asili yake ni Habib Swaleh na ambayo kilele chake huwa mwisho wa mwezi. Lakini kwa mama ilikuwa ni safari ya kwenda kwa mamake, na kwetu sisi watoto ilikuwa ni safari ya kwenda kwa Bibi. Maulidi tuliyapenda, ila Bibi tulimpenda zaidi, na sidhani kama Mwenyezi Mungu atatuhesabia hilo.

Mwezi wa Kiislamu haungoji mvua wala jua. Kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Nilipokuwa mdogo Mfungo Sita ulikuwa ukianguka Aprili na Mei, katikati ya masika. Nilipofika umri wa miaka kumi na tano ulikuwa umeshateremka mpaka Februari, wakati wa kaskazi, njia kavu na vumbi la kuziba pua. Ndiyo maana kumbukumbu zangu za utotoni ni za matope, na za ujana ni za vumbi, ingawa barabara ni ile ile moja.

Usiku wa kuamkia safari nyumba ilikuwa hailali. Mama na dada yangu mkubwa walikaanga mahamri, wakachemsha mayai, wakajaza chai chupa mbili. Majirani nao waliingia mmoja mmoja na amana zao. Huyu ana leso ya kumpelekea dada yake Langoni, yule ana barua yenye noti ndani, mwingine ana kopo la halua, mwingine ana miwani ya mzee iliyotengenezwa Mombasa. Baba alikuwa na daftari dogo la jalada jeusi. Kila amana aliiandika: jina la mwenyewe, jina la mpelekewa, kitu gani. Akishaandika huifunga mwenyewe kwa uzi, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mwaka mmoja mdogo wetu alitoboa kopo la halua la watu kwa kidole. Baba alinunua kopo jipya Malindi, akalipeleka, na juu yake akampeleka mtoto mwenyewe kwa mwenye halua, akamwambia aseme kwa kinywa chake alichokifanya. Mwenye halua alicheka mpaka akakaa chini. Mdogo wetu hakucheka.

Gari letu lilikuwa Peugeot 404 ndefu, ile yenye viti safu tatu. Mbele baba na mama, na mdogo kabisa mapajani. Katikati dada zangu na shangazi. Nyuma kabisa mimi na kaka yangu, pamoja na mikeka, vyungu na amana. Gari likishawaka, baba alikuwa haondoki mpaka sote tusome dua ya kupanda chombo, kwa sauti, na aliyekosea hurudia. Kisha taratibu tunatoka Mji wa Kale, giza bado, mpaka daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maji tangu 1931. Daraja la zege linalotumika sasa lilifunguliwa 1980. Lile la zamani lilikuwa likinesa chini ya magurudumu na kutoa sauti kama mtu anayeguna usingizini, na sote tulinyamaza mpaka tukavuka.

Hapo ndipo masuala ya fikihi yalipoanzia. Baba hakuwa mwanachuoni, alikuwa mwenye duka la vyombo, lakini alisoma kwa masheikh na alipenda kutujaribu. “Haya, mmeshakuwa wasafiri au bado?” Kaka yangu husema tumekuwa wasafiri tangu tulipofunga milango ya gari. Mimi husema mpaka tufike Malindi. Baba hucheka na kutufunza kwamba kwa madhehebu ya Imamu Shafi, msafiri huanza kufupisha sala akishatoka nje ya majumba ya mji wake, maadamu safari yake ni ndefu ya kutosha. Na kwamba akinuia kukaa mahali siku nne kamili, zisizohesabiwa siku ya kuingia na ya kutoka, basi ameshakuwa kama mkaazi na hutimiza. Kwa hiyo tulikuwa tukisali Adhuhuri rakaa mbili na Alasiri rakaa mbili kwa pamoja pale Garsen, na tulipofika kwa Bibi tukarudia nne nne. Mambo haya niliyasoma baadaye vitabuni, lakini sikuyasahau kwa sababu niliyasikia kwanza kwa mtu aliyeshika usukani.

Kilifi tulikuta foleni ya feri. Kijana anayepita leo juu ya daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, huvuka mkono ule wa bahari kabla hajamaliza kusema Bismillahi. Sisi tulikaa hapo saa nzima, mara nyingine saa mbili. Lakini sikumbuki kama tulichoka. Walikuja kinamama wa Kigiriama na korosho za kukaanga katika koni za karatasi, wakaja wauza madafu, na baba akashuka kuzungumza na madereva wa malori. Kwa madereva ndiko alikopata habari zote za njia: Sabaki imejaa au haikujaa, gari gani limekwama wapi, kivuko cha Tana kinafanya kazi au maji yamekishinda. Alirudi garini na uso wake ndio ulikuwa taarifa yetu.

Kutoka Malindi kwenda mbele lami iliisha na safari yenyewe ikaanza. Ni nchi tambarare, vichaka na mbuga, udongo wake mweusi ukipata mvua hushika gurudumu kama ulimbo. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, tukashuka tena. Mama na shangazi walitembea kandokando na mabuibui yao wameyakunja, wakicheka. Na humo njiani ndimo baba alimokuwa na ada yake moja iliyotuudhi sana sisi wa nyuma. Hakumpita mtu aliyesimama kando ya njia akinyoosha mkono.

Sikuambii alichukua wawili watatu. Alichukua kila mtu mpaka gari likawa halina nafasi ya kukunja mguu. Mzee wa Kiorma na fimbo zake. Mwanamke wa Kipokomo na kichane cha ndizi na kuku wawili, na kuku wamewekwa juu yetu. Mvulana anayekwenda shule na sanduku la bati. Tulinung’unika kwamba wananuka moshi, kwamba wanatuminya, kwamba hawalipi. Baba alijibu mara moja tu, na hakurudia tena. Alisema katika Sura ya Tawba, Mwenyezi Mungu alipotaja watu wanane wenye haki katika Zaka, alimtaja na ibnu’s-sabil, mwana wa njia, hata kama kwao ni tajiri. “Mtu akiwa njiani hana baba wala mama ila njia,” alisema. “Sasa wewe umepanda gari la mzazi wake, unalalamika nini?” Hatukulalamika tena kwa sauti. Moyoni tuliendelea.

Garsen palikuwa na kivuko cha kuvutwa kwa mikono. Waya mnene umekazwa kutoka ukingo mmoja wa Mto Tana mpaka wa pili, na wavushaji wakiuvuta waya, jahazi lile bapa likatambaa juu ya maji mekundu na gari letu juu yake. Baba alitusukuma mimi na kaka tukavute pamoja nao. Mikono ilitoka malengelenge, na tulijiona wanaume. Viboko walikuwa wakitoa vichwa upande wa juu wa mto, na dada yangu alifumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho. Jua likitua kivuko kilikuwa hakivuki. Hilo msomaji alishike, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Baada ya Tana ni Witu, kisha misitu, kisha upepo ukabadilika harufu. Mama alikuwa wa kwanza kuinusa bahari. Alisema, “Mmesikia?” nasi hatukusikia kitu, tukasema tumesikia. Mokowe tuliliacha gari, tukapanda mashua, na taa za Lamu zikaanza kuonekana moja moja juu ya maji. Bibi alikuwa amekaa barazani na taa ya mkono, na hapo barazani alikuwa amekaa tangu Alasiri. Hakusema mmechelewa. Alitushika nyuso zetu kwa zamu, akatuhesabu kwa vidole kama anayehesabu tasbihi.

Ya Maulidi sitayaeleza marefu, kwa kuwa wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Watu walitoka Pate na Siyu, Faza, Malindi, Tanga, Unguja na visiwa vya Ngazija. Nyumba ya Bibi ililala watu arubaini, wengine juu ya dari. Usiku ulipoanza usomaji wa Simtu’d-Durar na matari yakalia, nililala mapajani mwa baba huku watu wamesimama safu zikiyumba, na mpaka leo nikisikia matari yale husinzia, nikaona haya.

Sasa nije kwenye safari ambayo haikuwa ya Maulidi.

Mwaka 1973 tulirudi kutoka Lamu mwisho wa Aprili. Bibi tulimwacha mzima. Katikati ya Mei, tumo katika Mfungo Saba, ikaja simu ya maandishi yenye maneno machache: mama hali mbaya njooni. Tuliondoka alfajiri ya pili. Hapakuwa na mahamri wala amana. Dada zangu na shangazi walibaki. Gari lilikuwa na baba, mama, kaka yangu, mdogo wetu na mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Mama hakufungua kinywa tangu Nyali mpaka Malindi, ila tasbihi ilikuwa ikizunguka mkononi. Malindi tulifika saa nne. Baba aliuliza habari za njia, akaambiwa mvua imenyesha usiku lakini gari linapita, na kivuko kinafanya kazi. Alihesabu kwa sauti ili mama asikie: Garsen kabla ya Alasiri, Mokowe Magharibi, inshaallah usiku huu tuko kwake.

Kiasi cha maili 40 kupita Malindi, akatokea mtu katikati ya njia. Hakusimama kando, alisimama katikati, mikono miwili juu. Baba alifunga breki na gari likateleza kidogo. Mtu yule alikuwa na matope mpaka kiunoni. Alikuja dirishani akasema mkewe yuko chini ya mti pale, anaumwa uchungu wa kuzaa tangu juzi, wazee wa kike wameshindwa, na hapana gari lililopita tangu asubuhi. Alikuwa anataka kwenda hospitali. Hospitali ilikuwa Malindi, nyuma yetu.

Baba alizima gari. Naukumbuka ukimya ule. Palikuwa na nzi mmoja ndani ya kioo, ana kelele peke yake. Kisha mama alifungua mlango, akashuka, akaenda mpaka chini ya mti, matope yakimfika katika ndizi za miguu. Baba akamfuata. Kaka yangu na mimi tuliamrishwa tusishuke. Tuliwaona kwa mbali wamesimama wawili, wanazungumza, baba akitikisa kichwa, akionyesha kwa mkono upande wa Garsen. Hatukusikia neno. Kisha walirudi na yule mtu wakimbeba mkewe, wakamlaza kiti cha katikati, na mama akakaa chini, sakafuni mwa gari, akimshika kichwa. Baba alipanda, akaligeuza gari. Mimi nikapiga kelele. Nilisema, “Na Bibi?” Baba hakunijibu. Nikasema tena kwa nguvu zaidi, na kaka yangu akaniziba mdomo kwa mkono.

Tulifika Malindi Alasiri inakaribia kuingia, kwa sababu tulikwama mara mbili. Tukamwacha yule mwanamke kwa wauguzi, tukageuka palepale. Mvua ikaanza upya. Tulipofika ukingo wa Tana ilikuwa ni usiku wa saa mbili, na kivuko kimefungwa ng’ambo ya pili. Baba alisimama ukingoni akaita mara nyingi. Sauti yake ilirudi. Tulilala ndani ya gari, na mbu, na vyura, na mama akiwa macho. Mimi nililala kwa hasira. Nilisema moyoni kwamba baba angekuwa ni mamake yeye asingegeuza.

Tulivuka jua likichomoza. Lamu tulifika saa nane mchana. Hapakuwa na mtu barazani. Bibi alifariki usiku, baada ya Isha, akazikwa saa nne asubuhi, kama ilivyo sunna kuharakisha maiti. Mama yetu mdogo alimkumbatia mama mlangoni, na kwa uchungu wake, hakukusudia ubaya, akamwambia, “Alikuuliza mara tatu. Tukamwambia wako njiani.” Mama hakumwona mamake wala hakupata kumwosha. Aliomba apewe nguo alizovuliwa, akakaa nazo chumbani.

Kwenye njia ya kurudi, baba alisimama Malindi pale hospitali akaingia kuuliza. Alikaa kidogo, akatoka. Mwanamke amepona, alisema, mtoto hakuishi. Mama alisema Alhamdulillahi, kisha akasema Inna lillahi. Ndiyo maneno yote yaliyosemwa.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Maulidi, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kufunguliwa na khitma ilikuwa ya kusomwa. Tulipofika maili zile zile, yule mtu alikuwa kando ya njia. Alituambia amekuwa akija kila siku tangu mwezi uandame, kwa kuwa baba alimwambia kwamba sisi hupita Mfungo Sita. Alikuwa na chupa mbili za asali ya mwituni. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, amejitanda leso, akitazama chini. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili na hawakusemezana. Asali ile ilifika Mombasa, na kila siku iliwekwa mezani pamoja na mkate. Mimi sikuila. Mwaka mzima sikuila, na baba aliona, na hakuniuliza.

Nilimwekea baba yangu kinyongo. Si jambo rahisi kuliandika, na zaidi kwa mwanamume mwenye mvi. Nilimwamkia shikamoo kwa mdomo. Nilikua, nikapata kazi bandarini, nikaoa. Nilimheshimu mbele za watu, nikamtimizia haki zake zinazoonekana. Lakini safari za Lamu nilianza kuzikwepa, nikitoa sababu ya kazi. Nikiwasikia watu msikitini wakimsifu kwa ukarimu nilikuwa nikisema kimoyomoyo kwamba ukarimu ule aliulipia kwa mali ya mwenziwe. Nilidhani nimeelewa jambo ambalo wengine hawakulielewa. Miaka kumi na mitano nilitembea na dhana ile.

Baba alifariki 1988. Mama alikaa eda katika chumba cha ndani, miezi minne na siku kumi, na mimi nilikuwa nikimpelekea chakula kila jioni baada ya Magharibi. Siku moja, sijui kwa nini siku ile, nilimwambia, “Mama, ulimsamehe baba kwa ile safari?”

Akaniuliza safari gani. Nikamwambia. Akaniangalia muda mrefu.

“Mwanangu,” alisema, “si yeye aliyegeuza gari. Ni mimi.”

Akanieleza. Chini ya mti ule baba ndiye aliyekataa. Alimwambia mama kwamba watakwenda mbele mpaka Garsen, watafute gari huko lirudi kumchukua mgonjwa. Kwamba mamake ni mmoja na hatapata mwingine. Kwamba yeye baba atabeba dhambi kama ipo. Mama alikuwa ameshamshika yule mwanamke tumboni, na yeye amezaa watoto watano, alijua kwamba hapana muda wa Garsen. Akasema, “Bwana, geuza.” Baba akamuuliza mara ya pili. Akasema, “Geuza kabla sijabadili nia.”

“Na niliibadili,” mama aliniambia. “Hatujafika hata nusu ya njia nimeshajuta. Nilikuwa nimemshika kichwa yule mwana wa watu, na moyoni nasema nimemuuza mama. Lau ningefungua kinywa, babako angesimama. Sikufungua. Basi.”

Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia. Alisema baba ndiye aliyetaka iwe hivyo. Usiku ule kwenye ukingo wa Tana, baada ya sisi kulala, au alipodhani kwamba tumelala, alimwambia: watoto watatafuta wa kumlaumu, waache wanilaumu mimi, wewe una msiba, huuwezi na huu. Na baadaye mama alipotaka kunieleza, akiona ninavyomtazama babangu, alimkataza. Alisema mtoto akimkasirikia baba hupita, akimkasirikia mama humdhuru. Sijui kama alisema kweli katika hilo. Kwangu mimi haikupita.

Nilitoka chumbani nikaenda makaburini usiku ule, jambo ambalo si kawaida yangu. Sitasema nilichokisema huko.

Njia ya Lamu imebadilika mara nyingi tangu wakati ule. Katika miaka ya 1990 majambazi wenye silaha waliishika, na mabasi yakawa yanakwenda kwa askari. Ikatulia, ikaharibika tena. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi wa Juni 2014, kwa miaka kadhaa magari yalikwenda kwa msafara na watu wakapita sehemu zile wamebana pumzi. Sasa Tana ina daraja na lami inafika mpaka Mokowe. Ukitoka Mombasa asubuhi unakula chakula cha mchana Lamu.

Mama yuko hai, Mungu amzidishie afya. Macho yamefifia, haoni ila mwanga na vivuli, lakini kila Mfungo Sita hufungua sanduku lake la nguo kama zamani. Mwaka uliopita nilimchukua, pamoja na binti yangu na wajukuu wawili. Mama alikaa mbele. Tulipopita Malindi alianza kuniuliza tumefika wapi, na kila nikimwambia alinieleza palivyokuwa: hapa tulisukuma, hapa alipanda yule mzee na fimbo zake.

Kiasi cha maili zile zile, labda si pale hasa, maana miti imekatwa na sikuwa na alama, niliona mtu kando ya lami. Mwanamke, na furushi, na mtoto mgongoni. Alinyoosha mkono. Nilipunguza mwendo. Binti yangu kule nyuma akasema kwa sauti ndogo, “Baba, tafadhali usisimame,” na sikumlaumu, kwa sababu ana watoto wake ndani ya gari, na ile ni njia ambayo imeshakula watu. Nilitia gia nikapita. Katika kioo nilimwona ameshusha mkono.

Mama alihisi gari lilivyopunguza mwendo kisha likaongeza. Aligeuza uso kwangu. “Kuna mtu?” aliuliza.

Nikamwambia, “Hapana, Mama. Ni mti.”

Tulifika Mokowe kabla ya Adhuhuri.